Hadubini ya shaba ya mtindo wa Leeuwenhoek: kifaa nakipa tano, kijitabu chake nakipa mbili

Nimekaa na hiki kifaa wiki sita, ndo sasa naona naweza kusema kitu chenye maana. Wengi wanaandika maoni siku ileile boksi limefika, na hii si bidhaa ya kuhukumu siku ya kwanza, manake siku ya kwanza mimi ningekipa nyota moja na ningekuwa nimekidhulumu.

Kwa asiyejua, hii ni nakala ya zile hadubini ndogo alizokuwa anatengeneza Antoni van Leeuwenhoek kule Delft, Uholanzi, yule mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa mtu wa kwanza kuona bakteria. Ukisikia hadubini usifikirie ile ya maabara ya shule yenye bomba refu na meza ya kuwekea slaidi. Hii ni vibati viwili vya shaba ya njano vilivyobanwa pamoja, urefu hata sentimita tano haufiki, upana kama vidole viwili, katikati kuna kitundu, na ndani ya kitundu kumekaa lenzi moja tu, kijishanga cha kioo ambacho kikidondoka sakafuni ujue ndo basi tena. Upande wa pili kuna pini, kwenye ncha yake ndo unabandika unachotaka kukitazama, alafu kuna skrubu moja ndefu ya kupandisha na kushusha na nyingine fupi ya kusogeza pini karibu au mbali na lenzi. Hamna taa, hamna betri, hamna kioo cha kuakisi mwanga. Ndani ya boksi nimekuta pia mirija kumi ya kioo myembamba kama unywele, fimbo mbili za kioo za kujitengenezea lenzi, kipande cha nta na kijitabu cha maisha ya huyo mzee. Kijitabu nitakifikia, nina mengi nacho.

Kabla sijaendelea, onyo ambalo lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza na halipo popote: usikielekeze hiki kifaa kwenye jua hata sekunde moja. Lenzi iko milimita chache kutoka kwenye jicho lako. Tumia anga ya mawingu, au dirisha lenye mwanga, au taa iliyo mbali kidogo. Kama unampa mtoto, mwambie hilo kabla hujamkabidhi.

Siku ya kwanza nilibandika mguu wa nzi niliyemkuta amekufa dirishani. Nikakishika kifaa kama mtu anavyoshika kioo cha kusomea, sentimita kumi hivi kutoka usoni, nikaona nukta nyeusi yenye mwanga pembeni. Nikazungusha skrubu, nukta ikawa kubwa, ikapotea, ikarudi. Nusu saa nzima. Kumbe inatakiwa ukisogeze mpaka kope zako ziwe zinafagia shaba, jicho liwe karibu kabisa kuigusa, na skrubu uzungushe kidogo mno, robo ya mzunguko ni safari ndefu. Usiku ule shingo iliniuma na jicho la kulia lilikuwa linatoa machozi.

Sasa hapo ndo nikamkumbuka Robert Hooke. Hooke alikuwa bingwa wa hadubini Uingereza, mwaka 1665 alitoa kitabu chake Micrographia chenye michoro mikubwa ya kiroboto na chawa iliyoshangaza watu, na ndani ya utangulizi wa kitabu hichohicho alieleza namna ya kutengeneza lenzi kwa kuyeyusha uzi wa kioo mpaka ncha yake ijikunje iwe kitone. Alijua kabisa kwamba lenzi moja ya namna hiyo inaonyesha vizuri kuliko hadubini yake kubwa ya lenzi kadhaa. Lakini alikuwa haipendi, alilalamika kwamba inamsumbua macho. Yaani mtu aliyekuwa na siri mkononi akaiweka pembeni kwa sababu inachosha jicho! Na Leeuwenhoek, mtu ambaye hakujua Kilatini wala Kiingereza, akaing'ang'ania kwa miaka hamsini. Mimi hilo nilikuwa nalijua kwa kusoma, ila sikuwa nalielewa mpaka jicho langu lenyewe lilipoanza kutoa machozi. Hicho ndo kitu ambacho hii bidhaa inauza, na kwa hicho peke yake naona inastahili.

Siku ya pili nayo sikuona cha maana. Siku ya tatu nilienda na mpwa wangu wa miaka kumi na moja mpaka kwenye bwawa, tukachota maji pembeni pale penye nyuzi za kijani zinazoelea. Ukigusisha mrija kwenye maji yanapanda yenyewe, unaziba ncha zote mbili kwa nta, unaubandika kwenye pini. Nikampa yeye kwanza kwa sababu macho yake ni mapya. Akakaa kimya, akazungusha skrubu taratibu kuliko nilivyokuwa nafanya mimi, mdomo wazi.

"Mjomba, kuna springi."

"Springi gani?"

"Ya kijani. Imejikunja ndani ya bomba la kioo."

Nikachukua nikatazama, kweli, ni spirojira, ule mwani ambao ndani ya kila seli ndefu kuna utepe wa kijani uliozunguka kama ngazi ya mzunguko. Sasa sikiliza. Mwaka 1674 Leeuwenhoek alichukua maji ya ziwa moja liitwalo Berkelse Mere, mwendo wa kama saa mbili kutoka Delft, maji ambayo kiangazi yalikuwa yanageuka meupe na kuwa na mawingu ya kijani, na watu wa huko walikuwa wanasema inatokana na umande. Yeye akaweka kwenye kichupa, kesho yake akatazama, akaandika kwamba kaona michirizi ya kijani imejizungusha kwa mpangilio kama nyoka, mfano wa yale mabomba ya shaba au bati yaliyojiviringa wanayotumia watengeneza pombe kupozea mvuke. Alikosa neno akaazima kitu alichokiona kiwandani. Mtoto wa miaka kumi na moja naye amekosa neno akaazima springi. Miaka 350 katikati, jicho linafanya kazi ileile! Nilisisimka, sina namna nyingine ya kusema.

Kwenye mrija huohuo tuliona vidudu vinavyokimbia, vingine mviringo vinageuka vinapokwenda, kimoja chenye shina kama uzi ambacho kila kikishtuka uzi unajikunja ghafla kisha unanyooka pole pole. Yule mtoto alihesabu kila kinapojikunja. Tulikaa mpaka giza likaingia.

Sasa tuje kwenye namba, manake hapa muuzaji amekosea. Kwenye boksi wameandika "inakuza mara 300". Nilipima. Lenzi ya duara kamili ya kioo cha kawaida, umbali wake wa kukusanya mwanga ni kama robo tatu ya kipenyo chake, na ukuzaji unapata kwa kugawa milimita 250 kwa umbali huo. Kijishanga changu nimekipima kwa kukipiga picha kando ya rula ya chuma, ni milimita 2 kamili. Robo tatu ya 2 ni 1.5, na 250 gawa kwa 1.5 unapata kama 166. Kupata mara 300 unahitaji kijishanga cha milimita 1.1 hivi. Mara 166 si kidogo jamani, ni nyingi sana kwa kitu cha ukubwa huu, ungeandika 166 mimi ningekununulia vilevile. Kwa nini uandike 300? Kulinganisha tu, ile bora kuliko zote kati ya chache zilizobaki za Leeuwenhoek mwenyewe, iliyoko Utrecht, inakuza kama mara 266.

Na tofauti ya 166 na 266 si ya kwenye karatasi. Mwaka 1683 Leeuwenhoek aliandika barua kuhusu ukoga wa meno yake. Alikuwa anasugua meno kwa chumvi kila asubuhi, meno yake yalikuwa safi kuliko ya watu wengi wa wakati ule, hata hivyo kati ya magego kulibaki utando mweupe mzito, akauchanganya na maji ya mvua, akaona wanyama wadogo wanakwenda kwa madaha, wengine wanapita kama samaki mkali majini, wengine wanazunguka kama pia. Akakusanya na ukoga wa watu wengine, akiwemo mzee mmoja ambaye hajawahi kusafisha meno maisha yake yote. Akasema wanaoishi mdomoni mwake peke yake ni wengi kuliko watu wa Uholanzi yote. Nami nikachukua ukoga wangu nikaweka. Kwa lenzi ya mara 166 nikaona vumbi linatetemeka, basi. Nisingeweza kuapa kwamba ni bakteria, kwa sababu hata chembe isiyo na uhai hutetemeka majini, ndo kile alichokichunguza Robert Brown mwaka 1827, naye pia akitumia hadubini ya lenzi moja. Kwa hiyo nikabaki na swali, na jibu lilikuwa kwenye zile fimbo mbili za kioo.

Hapa ndo sehemu niliyoipenda kupita zote. Unapasha fimbo katikati kwenye moto wa spiriti mpaka ilegee, unavuta mikono kwa haraka, unapata uzi wa kioo. Uzi huo unaurudisha ncha kwenye moto, ncha inayeyuka, inajivuta juu yenyewe na kuwa kitone cha mviringo, unakata, unaweka kati ya vibati. Kuelezea ni sekunde kumi. Mimi nilitengeneza kumi na moja, tisa zilikuwa takataka, moja ilikuwa na kipovu cha hewa, nyingine zilikuwa na umbo la yai, nyingine zilishika masizi ya moto. Mbili zilikuwa safi, moja ya milimita 1.2 hivi, ambayo kwa hesabu ya juu ni kama mara 277. Vaa miwani ya kukinga macho na usiguse ncha hata ukiona imeacha kuwaka, kioo kinabaki na moto muda mrefu.

Nikaiweka ile ndogo, nikarudi kwenye ukoga. Na safari hii kati ya vile vitu vinavyotetemeka kuna kimoja, kama kijiti kifupi mno, kilichoondoka mahali kilipo kikapita moja kwa moja mpaka upande wa pili, kikasimama, kikageuka, kikaondoka tena. Vumbi haligeuki. Nilikaa nimeshika pumzi nisije nikatikisa mkono.

Muda mrefu watu walikuwa wanabishana Leeuwenhoek alitengenezaje lenzi zake bora, yeye mwenyewe hakusema, na huwezi kubandua shaba ya miaka 300 ili uangalie ndani. Mwaka 2021 watafiti wakatoa majibu baada ya kuzipitishia hadubini zake mbili nyutroni, chembe ndogo za ndani ya atomu ambazo zinapenya shaba na kuonyesha umbo la kioo kilichofichwa. Kazi ilifanyika kwenye kinu cha utafiti hukohuko Delft, mji wake mwenyewe. Ile ya ukuzaji wa wastani inayotunzwa na makumbusho ya Boerhaave ina lenzi iliyosagwa na kung'arishwa, lakini ile kali ya Utrecht ndani yake kuna kitone cha duara chenye kibaki cha shina, yaani kimeyeyushwa, njia ileile aliyoichapisha Hooke mwaka 1665. Kwa hiyo siri kubwa haikuwa siri sana, ilikuwa imechapwa kitabuni inauzwa. Kilichobaki ni mkono na kukaa.

Sasa kijitabu. Nimekasirika nacho na nitasema kwa nini, manake watoto watakisoma na wataamini.

Jaladani kuna picha ya mzee mwenye wigi ameinamia hadubini ya bomba refu ya karne ya 19, kitu ambacho hajawahi kukigusa, na wewe mnunuzi umeshika mkononi kifaa chake halisi! Ukurasa wa kwanza unasema "ndiye aliyegundua hadubini". Hapana. Hadubini za lenzi mbili zilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1600, yeye hata hajazaliwa, alizaliwa 1632. Alafu wanamwita maskini asiyesoma aliyekuwa mfagizi. Baba yake alikuwa msuka vikapu na alimfia akiwa mdogo, hilo kweli, lakini upande wa mama walikuwa watengeneza bia, watu wenye uwezo. Alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa, akarudi Delft mwaka 1654, akanunua nyumba, akafungua duka, na mwaka 1660 akapata kazi ya mji ya kusimamia chumba cha masherifu, baadaye akafuzu upimaji ardhi, baadaye akawa mkaguzi wa vipimo vya mvinyo. Mtu anayepima ardhi na mapipa ya mvinyo kwa kazi ni mtu wa hesabu, na hesabu ndo imejaa kwenye barua zake. Hakuwa na chombo cha kupima vitu vidogo namna ile, kwa hiyo akatumia chembe ya mchanga, mbegu ya mtama mdogo, unywele, akasema kwa mfano chembe nyekundu ya damu ni ndogo mara elfu 25 kuliko chembe ya mchanga laini. Leo ukihesabu unaona alikuwa karibu kabisa na kweli. Kijitabu chote hakina hata sentensi moja kuhusu vipimo vyake. Wangetoa kurasa mbili za hayo badala ya mchoro wa wigi.

Alafu ile hadithi ya "dunia nzima ilimcheka". Hii inaniudhi zaidi kwa sababu inamfundisha mtoto kwamba ukikataliwa ndo dalili una ukweli. Yaliyotokea ni mazuri kuliko hayo. Mwaka 1673 daktari wa Delft, Regnier de Graaf, alimwandikia katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, Henry Oldenburg, akamtambulisha jirani yake huyu, na wakati huo Uingereza na Uholanzi zilikuwa vitani! Barua ikapita, ikajibiwa, wakaomba zaidi. De Graaf akafariki mwaka huohuo, bado kijana wa miaka 32. Oktoba 1676 Leeuwenhoek akatuma barua ndefu kuhusu wanyama wadogo aliowaona kwenye maji ya mvua, ya kisima, ya bahari na maji aliyolowekea pilipili manga, manake alitaka kujua ukali wa pilipili unatoka wapi, akidhani labda ina vimiba vinavyochoma ulimi. Hakuona miba, aliona maisha.

London hawakumcheka, walitaka kuona wenyewe. Nehemiah Grew, mtaalamu wa mimea wa chama hichohicho, akajaribu, hakuona. Leeuwenhoek akatuma ushahidi wa watu wanane waliotazama kwa macho yao, wakiwemo wachungaji wa kanisa na notari. Alafu kazi akapewa Hooke, yuleyule wa macho kuuma. Akaloweka pilipili, akajaribu mara ya kwanza kwenye kikao cha Novemba 1677, hola, wiki iliyofuata hola, tarehe 15 Novemba wakaviona, na wajumbe wakatazama mmoja mmoja. Mwaka 1680 wakamchagua kuwa mwanachama kamili, mwuza vitambaa wa Delft. Huko si kucheka. Hiyo ni sayansi ikifanya kazi yake vile inavyotakiwa, unaambiwa jambo la ajabu, husemi ndiyo, husemi mwongo, unaloweka pilipili na unajaribu mara tatu. Mimi nilipokuwa nalaani skrubu siku ya pili, Hooke naye alikuwa mahali hapohapo kwenye jaribio lake la pili.

Kosa lingine ni kusema kwamba "alituonyesha chanzo cha magonjwa". Hakuonyesha. Aliona bakteria mdomoni, akaona siki inawaua wale inaowafikia, akaona kwamba baada ya kunywa kahawa ya moto wale wa meno ya mbele wamekufa, lakini kusema vidudu hivi ndo vinaleta maradhi, hapo hapakufikiwa mpaka karne ya 19, kina Pasteur na Koch, na Koch alionyesha bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Karibu miaka 200. Swali zuri ambalo kijitabu kingeweza kumwachia msomaji ni kwa nini ilichukua muda wote huo, na sehemu moja ya jibu inamhusu mzee mwenyewe, wao wameiruka kabisa.

Manake alikuwa msiri. Watu walikwenda kwake, hata Peter Mkuu wa Urusi alipita Delft mwaka 1698 akaonyeshwa mzunguko wa damu kwenye mkia wa mkunga, lakini zile lenzi bora alizificha, na namna yake ya kutazama vidudu vidogo kabisa hakuifundisha. Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Kijerumani, alimwandikia amshauri afungue shule ya kufundisha vijana, akakataa. Ametengeneza lenzi zaidi ya 500, hana mwanafunzi hata mmoja. Alipofariki Agosti 1723 akiwa na miaka 90, binti yake Maria, mtoto pekee aliyebaki kati ya watano, aliyekaa naye maisha yote, alipeleka London kabati la hadubini 26 za fedha kama baba alivyousia, na zote zilipotea karne iliyofuata. Zilizobaki nyumbani zikauzwa mnadani mwaka 1747 baada ya Maria naye kufariki. Leo zimebaki chache, hazizidi idadi ya vidole kwa kiasi kikubwa. Nampenda sana huyu mzee, ndiyo maana hili linaniuma. Mtu aliyechunguza mpaka ukoga wa jirani yake angeweza kukaa na vijana watatu tu akawaonyesha mkono unavyoshikwa. Na Maria naye kwenye kijitabu ametajwa mara moja, kama "binti yake", bila jina.

Kwenye ubora wa kifaa chenyewe sina mengi. Shaba nzito, kingo zimepigwa msasa vizuri, haikati. Ile skrubu ndefu baada ya wiki mbili ilianza kulegea, ukiachia mkono pini inashuka yenyewe, nikaweka nta kidogo kwenye nyuzi zake imekaa. Pini ni chuma cha kawaida, inashika kutu ukiacha maji, ikaushe kila mara. Mirija mitatu kati ya kumi ilifika imevunjika kwa sababu ilifungwa kwenye mfuko wa plastiki bila pamba, nikaandika kwa muuzaji, siku kumi na mbili kimya, alafu wakatuma mingine mitano bila neno. Sawa, nimeipokea. Nimewaandikia tena kuhusu ile 300 na kuhusu kijitabu, ukurasa kwa ukurasa, wakirekebisha nitarudi hapa nibadilishe nyota.

Kama una shida ya shingo au una jicho moja linalofanya kazi na hutaki kulichosha, usinunue. Kama unataka kupiga picha kwa simu inawezekana, lakini utapata duara dogo katikati na giza pande zote. Kama unamnunulia mtoto chini ya miaka kumi mpe na mtu mzima wa kukaa naye, ile kazi ya moto ifanye mwenyewe. Kwa mwalimu, chukua mbili, manake darasa zima kusubiri zamu kwenye kitundu kimoja ni kazi.

Jambo la mwisho, ndo ninalolifanya wiki hii. Mwaka 1702 Leeuwenhoek alieleza kuhusu vumbi jekundu alilolitoa kwenye mfereji wa paa lake, limekauka kabisa. Akalitia maji ambayo kwanza aliyachemsha ili asije akaambiwa wanyama walitoka majini, na ndani ya saa moja kulikuwa na viumbe vinaogelea, vile tunavyoviita rotifa, vyenye kama magurudumu mawili kichwani yanayozunguka. Akalihifadhi vumbi hilo kwenye karatasi miezi mingi, akalitia maji tena, wakaamka tena. Nilikwangua mfereji wa paa langu, nikaanika vumbi siku nne mpaka likawa kama unga, nikachemsha maji, yakapoa, nikadondosha tone. Dakika kumi hamna kitu, punje tu. Dakika ishirini hamna. Karibu na dakika ya arobaini mpwa wangu ndo alikuwa kwenye lenzi, kipunje kimoja kilichokuwa kama chembe ya mchanga kikavimba, kikajinyoosha kama kiwavi, kikajishikiza mkia kwenye kioo, na yale magurudumu yakafunguka.

Vumbi lililobaki tumelifunga kwenye karatasi, ameandika tarehe juu yake kwa kalamu nyekundu na kaniambia nisiliguse mpaka miezi mitano ipite.